Ujira wa Aliyesoma na Ujira wa Asiyesoma

Katika vijiji vyetu liko swali ambalo huulizwa mara nyingi kwa sauti ya chini, na mara chache hujibiwa waziwazi. Watu wawili wametoka katika tumbo moja. Mmoja alipelekwa shule, akamaliza, akapata kazi mjini. Wa pili alibaki nyumbani akashika jembe, au alikwenda mjini vilevile akawa kibarua wa kubeba mizigo. Wote wawili huamka alfajiri, na wote wawili hurudi jioni wamechoka. Lakini mwisho wa mwezi ujira wa yule wa kwanza huwa mara tatu, au mara tano, au hata mara kumi ya ujira wa ndugu yake. Ndipo watu huuliza: Je, jambo hili ni la haki?

Wako wajibuo mara moja ya kwamba ni haki tupu. Husema, "Mchumia juani hulia kivulini". Yule aliyesoma alikwisha kupata taabu zake zamani, naye sasa anakula matunda ya taabu ile. Wako na wengine wajibuo kwa uchungu ya kwamba si haki hata kidogo, maana jasho ni jasho, na tumbo la kibarua halina njaa ndogo kuliko tumbo la karani. Sisi twaona ya kuwa majibu haya yote mawili yana kweli ndani yake, ila kila moja limeshika ncha moja tu ya kamba. Yafaa tulipime jambo hili polepole, kama mtu apimaye nafaka kwa pishi, ili tujue kila kibaba kimetoka wapi.

Tukiuangalia vema mshahara wa mtu aliyesoma, tutaona ya kuwa ndani yake mna mafungu matatu, nayo hayafanani.

Fungu la kwanza ni malipo ya ujuzi wenyewe. Mwashi awezaye kusoma ramani ya nyumba hajengi ukuta leo ukabomolewa kesho kwa kuwa umepita mahali pa mlango. Muuguzi ajuaye kupima dawa kwa uzito wa mtoto huokoa maisha ya mtoto yule. Mtunza ghala ajuaye hesabu huokoa mali ya chama kizima, kama wasemavyo wazee, ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watu hawa huongeza kitu katika kazi, na kile walichokiongeza huonekana. Kumlipa mtu kwa kitu alichokiongeza si dhuluma kwa mwingine. Wala hatudhani yuko mkulima mwenye akili atakayelalamika akiona muuguzi mwema amelipwa vizuri.

Fungu la pili ni marudio ya gharama. Adam Smith, mtu wa Uskoti, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1776, alimfananisha mtu aliyejifunza kazi ngumu kwa muda mrefu na mashine ya bei kubwa. Mwenye kununua mashine hutazamia ya kuwa kazi yake itamrudishia gharama kabla haijachakaa. Hali kadhalika mtu aliyetumia miaka mingi na fedha nyingi katika kujifunza hutazamia ya kuwa ujira wake utamrudishia alichotoa. Hilo nalo ni neno la haki. Lakini hapa yatupasa kuuliza swali ambalo wengi hulisahau: Je, aliyetoa gharama ile ni nani? Aghalabu si yule mwanafunzi peke yake. Baba aliuza mbuzi. Dada alibaki nyumbani kuteka maji na kulea wadogo. Kaka alilima shamba la watu wawili. Na mwalimu alilipwa kwa fedha za kodi, ambazo hutoka hata kwa mtu ambaye mtoto wake hakupata kukalia dawati. Basi ikiwa fungu la pili ni marudio ya gharama, ni dhahiri ya kuwa wenye kudai marudio hayo ni wengi, wala si mmoja.

Fungu la tatu ni malipo ya uadimu. Tuwaze kijiji chenye fundi cherehani mmoja. Watu wote humwendea yeye, na bei aitajayo ndiyo bei. Baadaye vijana watatu wanajifunza kazi ile, wanafungua vibaraza vyao, na bei inashuka. Mikono ya fundi wa kwanza haikupungukiwa na kitu. Mshono wake ni uleule, na mashine yake ni ileile. Kilichopungua ni kile alichokuwa akilipwa kwa sababu wengine hawakujua. Mishahara ya watu waliosoma nayo iko vivyo hivyo. Mahali ambapo watu wajuao kusoma na kuhesabu ni wachache, huwa kama chumvi katika nchi ya mbali na bahari: bei yake ni kubwa kuliko utamu wake.

Fungu hili la tatu ndilo lenye shida, na ndilo tutakalolishika katika maneno yetu ya leo. Maana kama wengine hawakujifunza kwa kuwa hawakutaka, basi wasilaumu. Lakini kama hawakujifunza kwa kuwa mlango wa shule ulifungwa mbele yao, basi fungu hilo la mshahara limetoka katika kufungwa kwa mlango ule.

Labda msomaji atasema, "Haya ni maneno ya kufikiri tu, nani amepata kuyaona mafungu hayo kwa macho?" Twajibu ya kuwa yamepata kupimwa, tena karibu na kwetu. Kenya na Tanzania ni nchi jirani. Zote mbili zilitawaliwa na Waingereza, Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963, na wingi wa watu wake haukupishana sana. Lakini katika jambo la shule za sekondari nchi hizi zilishika njia mbili. Katika Kenya watu wa vijijini walichanga fedha, wakabeba mawe na mchanga, wakajenga shule zao wenyewe kwa jina la Harambee, mpaka wanafunzi wa sekondari wakawa wengi sana. Katika Tanzania serikali iliazimu kwanza kumfikishia kila mtoto elimu ya msingi. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea ya kuwa shule ya msingi yapasa kuwa elimu kamili, isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari, kwa kuwa walio wengi hawataipanda ngazi hiyo; na nafasi za sekondari zikawekwa chache, kwa kadiri ya kazi ambazo serikali ilihesabu ya kuwa zitahitaji watu. Kila nchi ilikuwa na sababu zake, wala sisi hatuandiki kwa ajili ya kulaumu.

Ilipofika mwaka 1980, mabingwa wa elimu ya uchumi walikwenda kuwauliza wafanyakazi wa mishahara katika Nairobi na Dar es Salaam: umesoma miaka mingapi, umefanya kazi muda gani, wapata mshahara gani. Wawili kati yao, John Knight na Richard Sabot, waliyakusanya matokeo katika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Nao waliona kama hivi: katika Kenya, kwa kuwa waliomaliza sekondari walikuwa wamekuwa wengi, faida ya mshahara waliyokuwa nayo juu ya wenzao wa shule ya msingi ilikuwa imepunguzwa na wingi huo, na tofauti za mishahara kati ya wafanyakazi zikapungua. Watu wa sekondari hawakuwa wamepumbaa. Ni uadimu wao uliopungua. Basi fungu la tatu lilionekana wakati lilipoyeyuka.

Mabingwa hao walitambua pia jambo lingine lipasalo kusemwa, ili tusijidanganye. Elimu inapoanza kuenea, kwanza huweza kuongeza tofauti. Kijiji ambacho wote hushika jembe hakina tofauti kubwa ya mapato. Wakitoka watatu wakapata mishahara mikubwa, tofauti imezaliwa. Wakitoka kumi, imekua. Ni mpaka watokapo wengi hata uadimu ukavunjika, ndipo tofauti hurudi kupungua. Basi zipo nguvu mbili zishindanazo, moja ikivuta watu mbali na moja ikiwakaribisha. Na katika Kenya ile ya kuwakaribisha ilishinda. Nchi ikisimama katikati ya njia, ikasomesha watu wa kutosha kuzaa wakubwa lakini wasiotosha kuvunja uadimu, hiyo imejichagulia mahali pabaya pa kusimama.

Sasa yuko mtu atakayetukatiza na kusema, "Ninyi mwasema juu ya ujuzi, lakini mimi naona waajiri wakitazama cheti tu. Shule haimfundishi mtu kitu. Humtia alama tu, kama ng'ombe." Neno hili si la kudharauliwa. Bingwa mmoja wa Marekani, Michael Spence, aliandika mwaka 1973 akaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kuwa hivyo: mwajiri hawezi kuona kilicho ndani ya kichwa cha mtu, basi hutazama cheti kama dalili ya kuwa mwenye nacho ni mtu wa akili na bidii, hata kama masomo yenyewe hayana kazi katika kiwanda chake. Ikiwa ndivyo, basi fungu la kwanza tulilolisifu ni tupu, na wazazi wanauza mbuzi kwa ajili ya kununua alama.

Lakini jambo hili nalo lilipimwa Nairobi na Dar es Salaam. Baadhi ya wafanyakazi wale walipewa mitihani ya namna mbili. Mmoja ulikuwa wa maumbo tu, usio na herufi wala tarakimu, wa kupima wepesi wa akili mtu aliozaliwa nao. Wa pili ulikuwa wa kusoma na wa hesabu. Habari zake zilitolewa mwaka 1985 na Knight na Sabot pamoja na mwenzao Maurice Boissiere. Wepesi wa akili peke yake uliongeza mshahara kidogo. Miaka ya kukaa darasani iliongeza kwa kiasi. Lakini kujua kusoma na kuhesabu kweli kweli kuliongeza sana, katika nchi zote mbili. Mtu aliyemaliza sekondari asijue vema hakulipwa kama mwenzake aliyemaliza akajua. Maana yake ni kwamba cheti humfungulia mtu mlango siku ya kwanza, lakini waajiri si vipofu. Baada ya muda hupambanua gunia la mchele na gunia la pumba, ijapokuwa maandishi ya nje ni mamoja. Basi sisi tufundishao na tujihadhari. Shule impayo mtoto cheti bila kumpa kisomo imemwibia mara mbili: imechukua miaka yake, na imemtuma sokoni na gunia la pumba.

Tena wako wasemao ya kuwa waliosoma hupata mishahara mikubwa kwa kuwa walikuwa werevu au wana wa wenye uwezo tangu mwanzo, na kwamba wangalifanikiwa hata bila shule. Kwa hao twawapa habari ya Indonesia. Kuanzia mwaka 1973 serikali ya nchi ile ilichukua fedha zilizotoka katika mafuta ya ardhini, ikajenga shule za msingi zaidi ya 61,000 katika muda wa miaka michache tu, nyingi zikiwekwa mahali ambapo watoto wengi hawakuwa shuleni. Miaka mingi baadaye Esther Duflo, mwanamke Mfaransa aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili, aliwalinganisha wale waliokuwa wadogo shule zilipojengwa na wale waliokuwa wamekwisha kupita umri wa kuingia, katika wilaya zilizopata shule nyingi na zilizopata chache. Katika habari aliyoitoa mwaka 2001 alionyesha ya kuwa shule zile ziliwaongezea vijana masomo na kuwaongezea mshahara pia, wapata sehemu 7 hadi 11 katika kila 100 kwa kila mwaka wa kusoma. Watoto wale hawakuchaguliwa kwa werevu wala kwa utajiri. Walichopata ni shule iliyo karibu, na wakati wa kuingia. Basi wako wangapi ambao tuliwaita wajinga, nao kumbe walikosa jengo na mwalimu tu?

Lakini haifai tuseme habari za faida peke yake, tukanyamaza juu ya uchungu. Elimu ikienea, wako waumiao. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe amalize kidato cha nne alitazamia ofisi, kama alivyoona kwa mwana wa jirani miaka mingi iliyopita. Sasa mwanawe amemaliza, na kazi aliyoipata ni ile ambayo zamani mtu wa darasa la saba aliifanya. Mzazi huona kama amedanganywa. Nasi hatumcheki, maana ng'ombe wake alikuwa ng'ombe wa kweli. Na yuko mwenye kuumia zaidi ya huyo: ni yule wa darasa la saba mwenyewe. Wa kidato cha nne alipoteremka akachukua nafasi yake, yeye aliteremka tena akamkuta asiyesoma kabisa, na asiyesoma akasukumwa nje. Kama watu wapandao katika chombo kilichojaa, aingiaye wa mwisho ndiye akaaye ukingoni. Knight na Sabot waliliona jambo hili katika Nairobi, watu wa sekondari wakishuka katika kazi za chini kidogo kidogo kadiri wingi wao ulivyozidi.

Wengine wakiona haya husema, "Basi heri nafasi ziwe chache, ili cheti kiwe na thamani." Sisi twakataa neno hilo, na sababu yetu ni hii. Thamani wanayoitaka ni lile fungu la tatu. Hakuna awezaye kulihifadhi ila kwa kuwazuia watoto wa wengine wasijifunze. Mtu hawezi kusimama mbele ya watu na kusema wazi, "Mtoto wako asisome, ili mshahara wa mtoto wangu ukae juu". Na neno ambalo mtu aona haya kulisema mbele ya jirani yake halifai kuwa sheria ya nchi. Dawa ya yule wa mwisho asukumwaye nje ni kufanya kusiwe na mtu wa mwisho, yaani kila mtoto apate kisomo cha kutosha. Tanzania ilianza mwaka 2004 mpango mkubwa wa sekondari, shule za kata zikajengwa kwa nguvu za wananchi na serikali, na mwaka 2016 ada ya shule za serikali ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Kenya iliondoa ada ya shule za msingi za serikali mwaka 2003. Milango imefunguliwa. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha ya kuwa aingiaye atoka na kitu kichwani, maana twakwisha kuona ya kwamba kisomo ndicho kilipwacho.

Wako tena wasemao, "Kwa nini tusubiri? Serikali na iamuru mishahara ikaribiane." Jambo hili nalo lilipata kujaribiwa, tena kwa moyo safi. Mwaka 1966 Rais Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa sehemu 20 katika 100. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kupokea mishahara miwili. Katika miaka iliyofuata serikali iliikaribisha mishahara ya watumishi wake, ya juu na ya chini. Sisi twaheshimu matendo hayo. Kiongozi ajipunguziaye kwanza ana haki ya kuwaambia wengine wapunguze. Lakini amri ya namna hiyo ina mpaka wake. Huweza kukipunguza kilicho katika mfuko wa aliyesoma, lakini haimwongezei mtu yeyote ujuzi asiokuwa nao. Nafasi za shule zikibaki chache, watu huendelea kuzigombania, maana kazi ya ofisi ina kivuli na heshima hata kama mshahara ni mdogo. Na mara nyingi wa kuzipata ni watoto wa wale waliokwisha kusoma, ambao nyumbani mna vitabu na taa. Hivyo tofauti huondoka katika mshahara, ikajificha mlangoni mwa shule.

Wala asidhani mtu ya kuwa nchi ikifungua shule mara moja imemaliza kazi. Jan Tinbergen, bingwa wa Uholanzi aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1969, alifundisha ya kwamba elimu na mashine zinashindana mbio: mashine mpya huita watu wenye ujuzi zaidi, na shule hujaribu kuwaleta. Claudia Goldin na Lawrence Katz waliyaonyesha mashindano hayo katika Marekani kwa kitabu chao cha mwaka 2008. Mwaka 1910 vijana waliomaliza sekondari nchini mle hawakufika mmoja katika kumi. Mwaka 1940 walikuwa wapata nusu, na katika nusu ya kwanza ya karne ile tofauti za ujira zilipungua. Lakini baadaye mwendo wa shule ulipolegea na mashine hazikulegea, tofauti zikaanza kupanuka tena, hasa tangu miaka ya 1980. Kama nchi tajiri ile yaweza kuachwa nyuma, sisi tusijisifu kwa sababu tumejenga madarasa.

Sasa tumefika mahali pa kutoa hukumu. Je, tofauti kati ya ujira wa aliyesoma na wa asiyesoma ni haki? Twajibu hivi: ni haki kwa kadiri mlango ulivyokuwa wazi. Fungu la ujuzi ni lake mwenye ujuzi, na apewe bila kinyongo. Fungu la gharama ni lao wote waliotoa gharama. Na fungu la uadimu, hilo halina mwenyewe kwa haki. Yeye alipokeaye amelikuta mkononi mwake kwa sababu wengine walikosa. Hakuiba, wala hatumwiti mwizi. Lakini mtu akiokota kitu njiani hawi mwenye kitu kile kwa kuwa amekiokota.

Kutokana na hukumu hiyo huzaliwa mambo ambayo yatuhusu sote, kila mtu mahali pake.

Kwanza, yule apokeaye mshahara kwa sababu ya kusoma asihesabu ya kuwa amsaidiapo ndugu yake amemtendea ukarimu. Anapomlipia ada mtoto wa dada yake aliyebaki nyumbani kuteka maji, analipa deni. Nasi twajua ya kuwa madai ya jamaa huweza kuwa mzigo mzito hata kumvunja mtu, na kwamba wako wamfanyao mwenye mshahara kuwa kisima kisichokauka. Kipimo chema ni hiki: deni la uadimu hulipwa vizuri kwa kuuvunja uadimu. Shilingi ipelekwayo katika kumsomesha mwingine imelipa kuliko shilingi ipelekwayo katika karamu.

Pili, wazazi wasifanye nyumbani kwao kosa lile tulilolilaumu katika nchi. Mzazi mwenye watoto wanne, akisomesha mmoja tu, tena mara nyingi mvulana wa kwanza, ameumba kwa mkono wake mwenyewe karani mmoja na vibarua watatu katika nyumba moja. Twajua ya kuwa fedha ni chache, na pengine uchaguzi ule hutoka katika umaskini wala si katika ubaya wa moyo. Walakini binti aliyezuiwa ili kaka yake asome ametoa gharama bila kuulizwa, na yampasa apate fungu lake katika marudio.

Tatu, tusifanye mshahara kuwa kipimo cha mtu. Tumeonyesha ya kuwa sehemu ya mshahara hupanda na kushuka kwa wingi au uchache wa wengine, kama bei ya chumvi. Basi mtu ajivunaye kwa mshahara wake ajivuna kwa sehemu ambayo hakuifanya. Na mtu ajidharauye kwa udogo wa ujira wake ajidharau kwa sehemu ambayo hakuikosea. Mkulima alishaye karani hakupungukiwa na utu kwa kuwa mahindi yana bei ndogo mwaka huu.

Nne, na hili twalisema hasa kwa walimu wenzetu na kwa kamati za shule: tuulize kila mwaka ni wangapi wajuao kusoma barua wakaielewa, na kufanya hesabu wakaipata. Idadi ya madawati na idadi ya vyeti haitoshi. Mtoto wa maskini hana mjomba mjini wa kumfanyia mpango. Hana kitu cha kupeleka sokoni ila kile alichokiweka kichwani. Tukimfundisha ovyo, tumemfungia mlango uleule ambao nchi imetumia mali nyingi kuufungua, na safari hii hakuna wa kulaumiwa ila sisi.

Kwa hayo twamwachia msomaji aitazame nyumba yake na kijiji chake. Ahesabu ni nani waliolipa ili mmoja asome, ni nani waliobaki, na ni mtoto gani hata leo hajapelekwa. Akimwona mtoto huyo, asikae akibishana na jirani juu ya haki ya mishahara. Ampeleke shule kwanza, maana shauri hili lote huanzia hapo.